Mafuta Yaliyoelea

Mwaka 1980 nilikuwa darasa la tatu huko Simbo, Kigoma. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza kutekelezwa mwaka 1977, na madarasa yakajaa haraka kuliko vitabu. Kimoja tulikisoma watoto sita. Aliyekaa pembeni aliambulia ukingo wa picha. Nyumbani tulisema Kiha. Kiswahili tulikiokota sokoni Ujiji, kwa wachuuzi wa dagaa.

Siku moja mwalimu aliuliza maana ya neno "eleza". Kimya. Hakutukaripia. Alitutoa nje, tukaenda hadi uani kwa mama mmoja jirani na shule, aliyekuwa akitengeneza mawese. Chikichi zilikuwa zimekwisha kuchemshwa na kutwangwa. Mama akamimina maji ya moto juu ya lile rojo la nyuzi na kokwa, akavuruga kwa mwiko, akaacha litulie. Tukachuchumaa kuizunguka sufuria. Kwanza lilikuwa tope la kahawia tu. Kisha tone jekundu likapanda, na jingine, yakaungana mpaka uso wote ukawa rangi ya jua linapozama upande wa Kongo.

"Mafuta yamefanya nini?"

"Yameelea!"

"Nani kayafanya yaelee?"

Tukamtazama mama na mwiko wake. Basi kueleza ndiko huko, akasema mwalimu: jambo lililozama unalifanya lielee. Mwenzako akiliona juu, ameelewa. Na hicho ulichomwonyesha kinaitwa kielelezo.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoka mwaka uliofuata, 1981. Nilipokuja kuifungua, nikiwa mtu mzima, neno lile nilikuwa nalo tayari, na harufu yake. Wahenga waliposema ukiona vyaelea vimeundwa, walikuwa na vyombo vya majini akilini. Mimi kila nikiusikia msemo huo namwona mama yule na jasho lake.

Nami nikawa mwalimu. Miaka ya mwanzo niliingia darasani na boya la wavu, udongo wa mfinyanzi, kokwa za kuhesabia. Baadaye niliacha. Watoto walikuwa wengi, mtihani uko mlangoni, nikawa naandika ubaoni: Fafanua. Bainisha. Toa mifano miwili. Nilidai mifano ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeitoa, nao wakainakili kutoka daftari la mwaka uliopita. Hilo linaniuma mpaka leo.

Juzijuzi nilirudi nyumbani nikakuta mkutano wa wakulima wa michikichi. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipohimiza zao hili lifufuliwe Kigoma, mbegu ya tenera inasemwa kila mahali. Mtaalamu, kijana mwenye bidii, alisimama mbele ya picha za ukutani. Yaani hivi, kimsingi vile, kwa mfano. Na baada ya "kwa mfano" ikaja asilimia. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nalijua itikio hilo. Nimelitazama darasani miaka mingi nikidhani ni kuelewa.

Mama mmoja akauliza, "Mwanangu, hiyo tenera ina nini ambacho yangu haina?" Kijana akaanza upya, kwa maneno yaleyale. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa chikichi mbili, akazipasua kwa kisu. Ya kwanza, aina ya dura, ganda la kokwa lake nene, nyama kiduchu. Ya pili ganda jembamba, nyama tele, mafuta yakamlowesha vidole. Zikapita mkono kwa mkono.

Kijana alishuka akazishika, na sauti yake ikabadilika. Akasema tenera huzaliwa na mama dura na baba pisifera, ambaye kokwa lake karibu halina ganda. Kwa hiyo ukipanda kokwa za tenera uliyovuna, miche mingine itarudia dura, mingine pisifera. "Ndiyo maana yangu imechanganyika!" akasema mzee mmoja, akasimama.

Nilimwomba mama kipande kimoja. Mwalimu wangu alikwisha kufariki, wala sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa bado naikumbuka sufuria ile. Nikakitia kipande mfukoni, nikatoka kuutafuta ule ua. Pamejengwa ukuta wa tofali. Nilipotoa mkono mfukoni ulikuwa mwekundu.