Muvi Isiyo na Harusi

Jioni ya tarehe 24 Desemba mwaka jana tulikuwa watu sita kwenye chumba cha watu wanne, tumejibana juu ya dabodeka mbili, tunaangalia laptopu moja iliyowekwa juu ya ndoo. Wenzetu wengi walishaenda makwao. Tuliobaki kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutaja mbele za watu, ila ukichimba unakuta ni ile ile: boom limekata, na kwa upande wangu nauli ya kwenda Bukoba na kurudi ni hela ya kula mwezi mzima. Tulikuwa tumepika pilau lisilo na nyama kwenye jiko la umeme ambalo matroni hatakiwi kujua kwamba lipo.

Mwenye laptopu tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye huamua tunaangalia nini. Usiku ule akaamua Last Christmas, ile ya mwaka 2019. Naandika haya kwa sababu ugomvi ulioanza pale haujaisha hadi leo, na mimi nina lawama yangu ndani yake.

Kwa ambaye hajaiona: Kate ni binti wa London anayefanya kazi kwenye duka la mapambo ya Krismasi linalouza mwaka mzima. Anavaa nguo za kijani kama msaidizi wa Santa, analewa, anachelewa, analala kwa marafiki mpaka wanamchoka. Ndoto yake ni kuimba, lakini kila akienda kwenye majaribio anaharibu. Anatokea kijana anaitwa Tom, mpole, hana simu, anayemwambia kila mara ainue macho aangalie juu. Nyimbo nyingi zinazopita ni za George Michael na kundi lake la Wham!, kuanzia huo uliobeba jina la muvi, uliotoka mwaka 1984. Mwenyewe George Michael alifariki siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2016.

Sasa lawama yangu. Ilikuwa haijafika hata nusu. Kate alishasema aliugua sana mwaka uliopita, Tom hagusani na mtu mwingine yeyote, na wimbo wenyewe unazungumzia moyo aliopewa mtu Krismasi iliyopita. Nikaropoka: "Jamani, huyu kaka amekufa. Moyo anao huyu dada." Nilikuwa natania kabisa. Chumba kikacheka, muvi ikaendelea, na ilipofika mwisho ikawa hivyo hivyo. Tom alikufa kwa ajali akiwa kwenye baiskeli, na moyo wake ndio aliopandikizwa Kate.

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alinirushia mto. Baadaye nilisoma kwamba wala sikuwa na akili ya ajabu, maana watu kibao walibashiri mwisho huo tangu trela ilipotoka, na wahakiki wengi waliiponda muvi kwa sababu hiyo hiyo, eti imechukua maneno ya wimbo kama yalivyo. Watazamaji hawakuwasikiliza, iliingiza zaidi ya dola milioni 100.

Wa kwanza kushtaki alikuwa mwenzetu wa Sheria, tunamwita Wakili. Hoja yake ni kwamba ametapeliwa. Umeambiwa ni muvi ya mapenzi, ya Krismasi, ina muziki. Umekaa saa moja na nusu na zaidi unasubiri wapendanao waungane, halafu mwisho unaambiwa mmoja hakuwepo. "Harusi iko wapi?" Akatoa mfano ambao ulitushinda kuujibu: Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998, ambayo sisi wote tumelelewa nayo. Kule pia kuna marehemu. Tina anafariki baada ya kujifungua, anamwachia bintiye barua nane, moja ya kila siku ya kuzaliwa, na kwa barua hizo anampangia mume wake ndoa nyingine. "Umeona? Tina amekufa lakini harusi tumeipata."

Na muziki je? Wakili anasema Wahindi wakiimba, wimbo unasogeza habari mbele. Hapa nyimbo zinapita tu nyuma ya picha kama redio ya daladala, Kate mwenyewe anaimba kwa vipande, mpaka lile onyesho la mwisho kwenye makao ya watu wasio na nyumba. Hapo nakubaliana naye. Kama unatafuta muvi ya kuimba na kucheza, hii siyo.

Mwenzetu wa Kasulu, anayesoma Sosholojia, alikuwa hana habari na Tom hata kidogo. Yeye alimwangalia mama. Familia ya Kate ilikimbia vita Yugoslavia mwaka 1999. Baba alikuwa mwanasheria kwao, London anaendesha teksi. Mama anaigizwa na Emma Thompson, ambaye pia ni mmoja wa walioandika muvi. Kuna sehemu mama anaangalia habari za Brexit kwenye televisheni na anaogopa kwamba watafukuzwa. Na kuna sehemu kwenye basi, mtu anawafokea wawili wanaoongea lugha yao waongee Kiingereza, halafu Kate, ambaye siku zote anakataa kuitwa Katarina, anawasogelea na kuwasemesha kwa lugha hiyo hiyo. Wa Kasulu alikua jirani na kambi ya Nyarugusu. Alisema shuleni kwao alisoma na watoto waliobadilisha majina ili wasijulikane wametoka wapi. Hakusema zaidi. Alisema tu kwamba hiyo sehemu ya basi ingetosha kuwa muvi nzima, na mambo ya mzimu wangeyaacha.

Mwenye hasira kuliko wote alikuwa Muuguzi, na jina linajieleza. "Mtu kapandikizwa moyo, anakunywa pombe, anakula ovyo, kliniki haendi! Zile dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo ni za maisha yote." Alimchukia Kate kama angekuwa mgonjwa wake wa wodini. Wakili akamkatisha kwamba hayo ya kuhamisha mioyo ni hadithi za Wazungu. Ndipo Muuguzi akazima sauti ya laptopu na kutupa somo.

Upandikizaji wa kwanza wa moyo wa mtu kwa mtu, alisema, ulifanyika hapa hapa Afrika, hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, na Daktari Christiaan Barnard. Moyo ulikuwa wa Denise Darvall, binti wa miaka 25. Yeye na mama yake waligongwa na gari walipokuwa wametoka kununua keki. Mama alikufa, na baba, ambaye ndani ya siku moja alikuwa amempoteza mke na sasa anaambiwa bintiye haponi, ndiye aliyeombwa ruhusa. Akakubali. Moyo akapewa Louis Washkansky. Figo moja akapewa mtoto wa miaka 10 asiye Mzungu, tena enzi zile za ubaguzi. Washkansky aliishi siku 18, akafariki tarehe 21 Desemba, kwa nimonia.

"Na moyo ukihamishwa," akaongeza, "mishipa ya fahamu inakatwa. Unadunda wenyewe. Ukishtuka, wenyewe unachelewa kujua."

Chumba kilikaa kimya kidogo. Mimi sikuwa nawaza Cape Town. Nilikuwa nawaza mdogo wangu wa kiume, ambaye kesho kutwa yake, tarehe 26, alikuwa anatimiza miaka 11.

Siku anazaliwa nilikuwa na umri kama wake wa sasa. Mama alitoka damu nyingi. Nakumbuka baba akipiga simu nje ya wodi, anatafuta ndugu wa kuja kutoa. Mmoja alisema ana presha. Mwingine alizima simu. Baba alitoa yeye mwenyewe, lakini mama alihitaji zaidi, akaongezewa chupa tatu zilizokuwa kwenye friji la hospitali. Nyumbani habari hii husimuliwa kila mwaka, na kila mwaka mhusika mkuu ni yule aliyezima simu. Anasemwa mpaka anakoma. Aliyetoa zile chupa tatu hajawahi kutajwa hata mara moja, na mimi ninayejifanya mjuaji wa miisho ya muvi sikuwahi kuuliza.

Asubuhi ya Krismasi nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Ile damu uliyoongezewa, ilikuwa ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Nitajuaje? Ilikuja kwenye mfuko." Akanyamaza. "Mbona unauliza mambo ya damu sikukuu? Unaumwa?"

Nilimwambia ni muvi tu. Akauliza kama tumekula nyama.

Tangu hapo maoni yangu yamegeuka, na nayasema hapa kwa sababu chumbani sipewi nafasi. Wakili anasema Tom hakuwepo kwa hiyo hakuna mapenzi. Mimi naona shida ya Kate ni kwamba anadaiwa na mtu asiyeweza kumlipa wala kumshukuru, na ndiyo maana anaishi kama anataka kuuharibu mwili ule. Muvi ikampa kitu ambacho mama yangu hatapata, wiki chache za kutembea na aliyempa. Harusi ingekuwa uongo mkubwa kuliko mzimu. Na Emilia Clarke, aliyemwigiza Kate, mwaka huo huo wa 2019 aliandika hadharani kwamba mishipa ya ubongo wake iliwahi kumpeleka kwenye upasuaji mara mbili akiwa bado kijana. Nilipoirudia muvi peke yangu, uchovu wake haukuonekana wa kuigiza.

Muvi bado ina makosa, sikatai. Utani mwingi haufiki. Siri ya dada yake Kate imetumiwa vibaya. Na mwisho wa wimbo kuwa ndiyo mwisho wa habari ni uvivu, hata mimi niligundua nikiwa natafuna pilau.

Mwezi wa pili gari la damu salama lilikuja likaegeshwa karibu na kantini. Nilipanga foleni nikiwa nimejiandaa kabisa, nimeshapanga hadi maneno ya kumwambia mama. Nikapandishwa kwenye mzani: kilo 47. Wanataka 50. Dada aliyekuwa anaandika majina aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, nenda kale kwanza." Muuguzi alikuwa nyuma yangu. Yeye alipita, akalala pale akichekacheka, akarudi na soda yake akaninywesha nusu.

Wakili akasema hayo yote siyo ushahidi kwamba muvi ni nzuri. Ni kweli, siyo.

Mwenyekiti ameshatangaza kwamba Desemba hii tutaangalia nyingine, na Wakili ameweka sharti kwa maandishi kwamba lazima iwe na harusi. Mimi nimepigwa marufuku kufungua mdomo kabla ya mwisho. Wiki iliyopita nilijipima kwenye mzani wa zahanati. Kilo 48 na nusu.