Mimi, mume wangu na mtumbwi wa Mull

Hivi umewahi kupangiwa raha na mumeo, kila kitu kimeshalipiwa, halafu ukafika na kuona wazi kwamba raha yenyewe leo haifai? Unafanyaje? Unatabasamu ili usimvunje moyo, au unasema? Wengi wetu tumelelewa kunyamaza. Mimi nilikutana na mtihani huo mbali kabisa na nyumbani, kwenye kisiwa cha Mull, magharibi mwa Uskoti.

Mume wangu alikuwa masomoni Glasgow, na tulikuwa hatujaonana kwa miezi kumi. Nilipokwenda kumtembelea nikakuta ameshapanga: siku tatu Mull, na mtumbwi wa kukodi. Usifikirie mtumbwi wa mwembe wa kwetu Tanga. Huu ni wa plastiki ngumu, wazi juu, urefu karibu mita 5, mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma, kila mtu na kafi lake. Unaufunga juu ya gari, unapanda feri Oban, na baada ya dakika 50 hivi uko Craignure. Kuanzia hapo barabara nyingi ni nyembamba, za gari moja, zenye vituo vya kupishana.

Sasa, unauingiza wapi majini? Kwa upande wa ruhusa wenzetu wana bahati. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2005, inampa kila mtu haki ya kupita nchi kavu na kwenye maziwa na mito kwa chombo kisicho na injini, ilimradi awe mstaarabu. Yaani usizibe geti la mtu, usiegeshe gari kwenye kituo cha kupishana, usisumbue wanyama. Kwa hiyo swali si "nitaruhusiwa?" Swali ni "wapi panafaa leo?" Na hilo neno "leo" ndilo lenye kazi.

Tobermory, ule mji wa nyumba za rangi rangi, ni rahisi kushusha, lakini bandari imejaa boti. Salen ghuba yake ni tulivu, ila ukitoka nje kidogo uko kwenye mlango wa bahari unaotenganisha kisiwa na bara, wenye mkondo na meli zinazopita. Calgary ina mchanga mweupe wa kupigia picha (na ndiyo iliyoupa jina mji wa Calgary kule Kanada), lakini inatazamana na Atlantiki, na wimbi moja la ufukweni linatosha kuujaza mtumbwi ulio wazi. Loch Spelve ni mkono wa bahari ulioingia katikati ya vilima, kumetulia, wanafuga kome kwenye kamba. Pale mlangoni pembamba, lakini, maji ya kupwa na kujaa hukimbia kama mto.

Hapo ndipo nilipojiona niko nyumbani. Bamvua na maji mafu tunavijua sisi watu wa pwani hata kabla ya kusoma. Kule pia maji hupanda kwa saa sita hivi na kushuka kwa saa sita, na nusu nzima ya maji hayo hupita katika saa mbili za katikati. Ukishusha mtumbwi maji yamejaa na ukarudi yamekupwa, utabeba kilo 35 juu ya tope na mwani. Nani anataka hivyo likizoni?

Mahali alipopachagua mume wangu palikuwa Loch na Keal, upande wa kusini, chini ya mlima Ben More wenye mita 966. Alitaka nione tai wa mkia mweupe. Ndege hao walikuwa wametoweka Uingereza nzima, wakarudishwa kutoka Norwei kuanzia 1975, na kifaranga wa kwanza kukua hadi kuruka alitokea Mull mwaka 1985. Alikuwa amesoma yote hayo kwa ajili yangu. Ningewezaje kumwambia hapana?

Tukafika. Pale ukingoni maji yamelala kama kioo. Mwenzangu akaanza kufungua kamba. Mimi nikatazama mbali, nikaona povu jeupe juu ya mawimbi. Upepo ulikuwa unatoka kusini-mashariki, mgongoni kwetu, unatoka nchi kavu kwenda majini. Babu yangu alikuwa mvuvi, na upepo wa namna hiyo alikuwa akisema ni mnafiki: karibu na wewe mpole, mbali na wewe mkali. Unakusukuma nje, na kurudi ni juu yako. Tena maji ya kule hata kiangazi ni baridi mno, nyuzi 13 au 14 tu. Ukitumbukia pumzi inakatika kabla hujakumbuka kuogelea.

Nikamwambia, "Baba watoto, hapa leo hapana."

Alikasirika. Si kwa kelele, ni ule ukimya wa wanaume unaoujua. "Nimepanga miezi mitatu," akasema. Nikamjibu kwamba mpango ni mzuri, upepo ndio mbaya, na kuna maji mengine karibu.

Na kweli yalikuwepo. Loch Ba, ziwa la maji baridi, halipo mbali na pale. Tukaubeba mtumbwi kwa miguu kutoka barabarani, tunapumzika kila baada ya hatua chache, hadi kicheko kikatutoka wenyewe. Kule upepo ule ule ulikuwa unavuma kuja upande wetu. Tukaanza kwa kupiga kafi upepo ukiwa usoni, nguvu zikiwa bado zipo, tukijua ukituchosha utaturudisha pale pale tulipoanzia.

Katikati ya ziwa, yeye nyuma, mimi mbele nisiyeweza kumwona uso, akasema, "Nimepewa kazi huku. Miaka miwili."

Mwenzangu, niliacha kupiga kafi. Lakini nikwambie ukweli, sikupiga kelele. Nilimuuliza watoto watakuwa wapi, na yeye akajibu vizuri, bila kujitetea. Tukakubaliana asitie saini mpaka arudi nyumbani Desemba na tukae wote. Nadhani angekuwa na mke aliyenyamaza kule baharini, angetegemea anyamaze na kwa hili. Tai hatukumwona siku ile. Desemba ilipofika tuliamua pamoja: mwaka mmoja, si miwili.

Ukienda Mull na mwenzio, basi, vaeni jaketi za kuokolea kabla ya kugusa maji, simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji (namba ya dharura ni 999, omba walinzi wa pwani), na mwambieni mtu mtarudi saa ngapi. Kisha kabla kamba haijafunguliwa, kila mmoja ajibu: upepo unatupeleka wapi, na tutatokea wapi tukichoka? Mmoja akisema hapana, iwe hapana, bila kununiana. Maji ya kushushia mtumbwi Mull hayatawapungukia.