Sifuri Haiko Chini

Kitu cha kwanza Ba'mdogo alichonifundisha kuhusu mikisa ni kwamba sifuri haiko chini. Feda, kile kitelezi unachokisukuma kwa kidole, ina namba pembeni yake. Mgeni hudhani sifuri ni kimya, kama sifuri ya mtihani. Sivyo. Sifuri iko juu, karibu robo tatu ya njia, na maana yake ni kwamba sauti inapita pale kama ilivyokuja, haijaongezwa wala haijapunguzwa. Kimya chenyewe kiko chini kabisa na hakiandikwi kwa namba. Kuna alama tu, kama nane iliyolala.

"Ukimshusha mtu mpaka kwenye nane iliyolala," aliniambia, "umemtoa ukumbini."

Ilikuwa mwishoni mwa 2016. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mama alikuwa amechoka kuniona nimelala. Ba'mdogo alikuwa fundi mitambo. Alikuwa na chumba nyuma ya Soko la Mlandege, pale Iringa mjini, ambamo alitunza spika, amplifaya mbili, maiki na magunia ya waya. Alikodisha muziki kwa harusi, misiba na mikutano, na Jumapili alishika mitambo ya kanisa letu. Wiki tatu za mwanzo sikugusa mikisa. Nilikunja waya. Nilikunja mpaka nikaota nakunja waya.

Aliponiruhusu kukaa mbele ya mikisa, alinifundisha chaneli moja, kuanzia juu kwenda chini. Alisema zilizobaki kumi na tano ni ndugu zake, ukimjua mmoja umewajua wote.

Juu kabisa kuna geini. Hii ndiyo mlango wa sauti. Unamwambia mwimbaji aimbe kwa nguvu zote atakazotumia siku yenyewe, unazungusha mpaka taa nyekundu iwake kidogo, halafu unarudi nyuma. Ukifungua sana, sauti inaingia ikiwa imekwaruzika tayari, na hakuna kitufe huko chini kitakachoiponya. Ukifungua kidogo mno, utaisukuma feda mpaka mwisho na utakachokuza ni mvumo wa waya. Chini ya geini kuna kitufe kidogo cha kukata mitetemo ya chini. Kwenye mikisa nyingi hukata chini ya hezi 80 au 100. Sauti ya mwimbaji haina shughuli kubwa huko. Kinachoishi huko ni vishindo vya miguu jukwaani, upepo, na mkono unaopapasa maiki.

Kisha kuna ikwalaiza: trebo, kati, besi. Ba'mdogo alikuwa na sheria moja hapo: punguza kabla ya kuongeza. Maiki ikianza kulia, ule mluzi unaofanya watu wazibe masikio, ni kwamba sauti imetoka kwenye spika, imerudi kwenye maiki, imekwenda tena kwenye spika, kama mtu anayejijibu mwenyewe. Usiongeze kitu. Tafuta inalia wapi, ukate hapo.

Baadaye ndiyo inakuja oksi, na hapa nawaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu kisa changu kimejificha kwenye kitufe hiki. Oksi ni njia ya pembeni. Inachukua sauti ya chaneli na kuipeleka kwingine, mara nyingi kwenye monita, ile spika inayomtazama mwimbaji ili ajisikie. Oksi ya monita kwa kawaida huchota sauti kabla haijafika kwenye feda. Ni busara: fundi anaweza kupandisha na kushusha sauti ya ukumbini bila kumvuruga anayeimba. Lakini maana yake ni kwamba unaweza kuishusha feda mpaka kwenye nane iliyolala, ukumbi usipate kitu, na mwimbaji aendelee kujisikia vizuri kabisa.

Mwisho ndiyo feda. Siku ya kwanza nilisikia "fedha", nikamuuliza Ba'mdogo ni fedha gani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Bibi yangu, mama yake Ba'mdogo na baba yangu, alikuwa chaneli ya tatu. Nilimwandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe wa karatasi tunaoubandika chini ya feda: KINANDA, GITAA, BIBI, na kuendelea. Alikuwa kwenye kwaya tangu baba yangu hajazaliwa. Siku za kazi aliuza vitunguu na dagaa pale sokoni, na sauti yake ya sokoni ilijulikana. Ukimwamkia "Kamwene, Bibi," alikujibu kwa sauti ambayo wateja wa meza ya tatu waligeuka.

Sauti ya kwaya ilikuwa jambo jingine. Kufika 2018 ilikuwa imezeeka. Ilitetemeka kwenye noti ndefu. Tena alikuwa na tabia ya kuingia kabla ya wenzake. Ubeti ukikaribia, wengine wanavuta pumzi, yeye ameshatamka neno la kwanza. Alikuwa na maiki yake mbele, moja kati ya maiki nne za waongozaji. Hakupewa kwa ajili ya sauti. Alipewa kwa sababu miongoni mwa walioianzisha kwaya ile, waliobaki walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa kitandani.

Jumapili moja ya mwezi wa tano mwalimu wa kwaya alinifuata kwenye mitambo kabla ya ibada. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa na aibu usoni, na naamini hadi leo ilikuwa aibu ya kweli.

"Kijana," alisema, "huyu bibi yako. Tunajiandaa na kurekodi. Mimi siwezi kumwambia, na viongozi hawawezi kumwambia. Wewe mshushe tu. Hatajua."

Ba'mdogo siku hiyo alikuwa Mafinga kwenye harusi. Ningeweza kusema nimsubiri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza mtu mzima aliyeheshimika alikuwa ananiomba jambo kama fundi kwa fundi. Kwaya ilipoanza, niliweka kidole kwenye chaneli ya tatu na kuiteremsha taratibu mpaka ikagota. Sikubonyeza kitufe cha kuzima, kwa kuwa kwenye mikisa yetu kitufe hicho kingezima na monita. Oksi niliiacha ilipo. Niliiongeza kidogo, hata.

Bibi aliimba vizuri siku ile. Alijisikia. Waliokaa viti vya mbele labda walimpata kidogo kwa mdomo wake mwenyewe. Kinanda kilifunika zilizobaki. Baada ya ibada alikuja kwenye mitambo, kitenge begani, akanishika kichwa.

"Leo umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, Bibi."

Haikuwa uongo. Nilimsikia kwenye hedifoni.

Unafanya mara ya kwanza ukiwa unatetemeka. Mara ya nne unafanya huku unatafuna karanga. Ikawa kila Jumapili, hadi Desemba. Sikumwambia Ba'mdogo. Alipokuwepo nilimpandisha Bibi kidogo, alipotoka kuangalia spika nilimshusha. Kurekodi kwenyewe kulifanyika wiki moja kabla ya Krismasi: kwaya nzima, ukumbi mtupu, waya mmoja kutoka kwenye mikisa hadi kwenye kompyuta mpakato. Mkirekodi hivyo hamrekodi chaneli moja moja. Kinachoingia ni mchanganyiko uliokwisha kupikwa, kushoto na kulia, na asiyekuwa kwenye mchanganyiko hayumo.

Nyimbo zilikuwa nane. Chaneli ya tatu ililala muda wote.

Bibi alifariki Juni 2019, wiki ambayo Iringa huwa na baridi ya kukufanya ulale na koti. Aliugua siku sita. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikaja, wanaume wakakaa kuzunguka moto wa kuni na mablanketi mabegani. Usiku wa kwanza Shangazi aliniita ndani, walipokuwa wamekaa wanawake.

"Wewe si ndiye ulirekodi kwaya? Tuwekee sauti ya mama. Kesho kabla ya kwenda Kalenga watu wamsikie."

Nilisema sawa. Nilichukua kompyuta, nikaenda kwenye chumba cha nyuma ya soko, nikajifungia. Saa nane za usiku nilikuwa nimesikiliza nyimbo zote nane mara mbili. Kwaya ilikuwa imenyooka. Mwalimu alikuwa na haki kuhusu hilo: ilikuwa rekodi safi.

Kuna kanuni ya maiki ambayo Ba'mdogo alinifundisha na ambayo kwenye jukwaa letu dogo hatukuifuata kamwe. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na mdomo. Msiposimama hivyo, maiki ya jirani itamdaka asiye wake. Waongozaji wetu wanne walisimama wamebanana kama abiria wa daladala. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa kosa tulilolivumilia. Usiku ule ndilo lililoniokoa, kama kuokoka ndilo neno lake.

Kwenye wimbo wa tano, ubeti wa tatu, kinanda kinanyamaza na kwaya inavuta pumzi. Katika mwanya huo, kupitia maiki ya mama aliyesimama kulia kwake, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, Bibi anaingia. Peke yake. Amewahi, kama kawaida yake. Silabi tatu, halafu kwaya inamfunika.

Nilizikata silabi zile na mwanya wake, nikaongeza sauti, nikapunguza mvumo wa chini, nikatoa kidogo pale katikati palipokuwa na mwangwi wa ukumbi. Kila nilipoongeza, na kelele za ukumbi ziliongezeka. Kitu kisichoingia kupitia geini yake huwezi kukitengeneza baadaye. Nilijua hilo tangu wiki ya kwanza.

Asubuhi niliucheza ubeti mzima uani, kwenye spika za Ba'mdogo. Silabi zile zilipopita Shangazi aliinua mkono. "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Watu wakaanza kulia. Yeye hakulia. Aliniangalia.

"Mbona yuko mbali hivyo?"

Nikasema alikuwa mbali na maiki.

Tulimzika Kalenga. Jioni, wakati tunafungua waya, Shangazi alikuja kusimama karibu yangu na Ba'mdogo. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anamkumbuka mama yake. Alisema kuna mama mmoja sokoni aliwahi kumwambia Bibi kwamba anayekaa viti vya nyuma hamsikii siku hizi, na Bibi akamjibu kwa ukali: mjukuu wangu ndiye anashika mitambo, hawezi kunifanyia hivyo.

Nilimaliza kukunja waya niliokuwa nao mkononi. Kisha nikawaambia wote wawili. Shangazi aliondoka bila neno, na ilichukua mwaka kabla hajaniita tena kwa jina. Ba'mdogo alikaa juu ya spika muda mrefu.

"Yule mwalimu alikosa ujasiri wa kumwambia," alisema hatimaye. "Kwa hiyo akaazima kidole chako. Na wewe ukakiazimisha." Akanyanyua upande wake wa spika, nami nikanyanyua wangu.

Ukipanda kwenye jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, unaona mji wote, na mabati ya Mlandege yanang'aa. Nilipanda sana mwaka ule. Nilidhani nitaacha mitambo. Sikuacha. Ba'mdogo sasa ana matatizo ya mgongo, na chumba cha nyuma ya soko nakifungua mimi.

Mwaka jana kwenye kanisa jingine mwongoza kwaya aliniomba nimshushe mzee mmoja wa sauti ya nne anayezamisha wenzake. Nilimwambia twende wote tukamwambie. Hakutaka, nikaenda mwenyewe. "Shikamoo, mzee. Sauti yako inawafunika wengine, nitaipunguza kidogo. Na kwenye monita nitaipunguza hivyo hivyo, ili unachosikia ndicho wanachosikia watu."

Alikasirika. Wiki mbili salamu yangu aliipokea kwa kikohozi. Wiki ya tatu alikuja mapema, akasimama mbele ya maiki, akauliza asimame umbali gani. Nikamwonyesha kwa kiganja. Akaimba taratibu, akaangalia monita, akaangalia kwangu.

Feda yake huwa naiweka kwenye kumi chini ya sifuri. Si juu sana, lakini ukikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, unamsikia.