Ndege Adimu Nyuma ya Jiko la Shangazi

Mukurweini, katika Kaunti ya Nyeri, si mahali pa watalii. Ni mabonde, mito midogo na mashamba ya kahawa. Lakini, mpenzi msomaji, humo mna ndege asiyepatikana kokote duniani ila hapa Kenya.

Nilimwona Jumamosi moja asubuhi nyuma ya jiko la shangazi. Shangazi ana mazoea ya kumwaga makombo ya ugali juu ya meza kuukuu na kuweka karai la maji kando yake. Kwa kawaida huja shomoro na tetere. Siku hiyo zilisikika kelele kichakani, kisha ndege watano wa kahawia wakachupa nje mmoja baada ya mwingine, mithili ya watoto watokao shule.

Huyo ni zogoyogo wa Hinde. Macho yake ni mekundu, na madoa yake meupe hutofautiana baina ya ndege na ndege. Wanasayansi walimpa jina mwaka wa 1900, na leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huishi kwa makundi, na makinda hulishwa na jamaa nzima.

Kumpiga picha si mchezo. Nilijibanza dirishani, moshi ukiniwasha macho. Picha za kwanza zilitoka ukungu mtupu, maana hatulii. Mwishowe mmoja akatua ukingoni mwa karai anywe maji, nami nikampata.

"Wapige upesi," shangazi akacheka. "Jumatatu kijana anakuja kufyeka hicho kichaka nipande nyasi za ng'ombe."

Moyo ulinishtuka. Vichaka vya asili vya kando ya mito vilifyekwa kitambo kwa ajili ya kilimo, na ndege huyu akajisitiri katika lantana, mmea wa kigeni ambao mkulima huuona kuwa gugu tu. Humo hujenga kiota na kujificha.

Nilimweleza shangazi, nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda.

"Kumbe macho yake ni mekundu hivi! Miaka yote nimekuwa nikimwona mgongo tu."

Jumatatu kijana alifyeka upande wa juu. Wa mtoni ukabaki. Nyasi zitapungua, naam, na ng'ombe hali picha. Ila shangazi ndiye aliyeamua.

Nawe uendapo mashambani, kabla ya kushika panga, keti kwanza dirishani utazame.