Pini Moja na Dhamana ya Amana

Katika ofisi ya msikiti wetu ipo kompyuta ya mezani, ya zamani kidogo, iliyotolewa wakfu na muumini mmoja. Ndani yake imo sajili ya mayatima na wajane: nani amepokea nini, na familia ipi ingali inangoja. Wiki moja kabla ya Ramadhani, kompyuta iliwaka lakini diski yake haikuzunguka. Nasi tuliokabidhiwa ukatibu hatukuwa na nakala nyingine ya sajili ile.

Tulizima umeme, tukafungua kasha. Tuliiona plagi nyeupe inayolisha diski, yenye nyaya nne: wa manjano wa volti 12 unaozungusha mota, mwekundu wa volti 5 unaoendesha saketi, na nyaya mbili nyeusi za kurudisha umeme. Pini ya waya wa manjano ilikuwa imerudi nyuma, haigusi tena. Tukasema nafsini mwetu kuwa jambo hili ni dogo. Tukashika koleo tukavuta, ili tuitoe pini na kuirudisha vizuri. Ukatoka waya mtupu. Pini ikabaki ndani.

Tuliketi kimya kitambo kirefu. Chuoni tulisoma kuwa mwenye kushika amana hadhaminishwi kilichoharibika mkononi mwake, ila akipuuza au akivuka mpaka. Tulisoma pia mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, hudhamini madhara yake. Masuala hayo tumeyasomesha mara nyingi, tukidhani yanawahusu watu wengine.

Nje ya lango la msikiti hukaa kijana anayetengeneza redio na simu. Kila siku tulimpita kwa salamu tu. Jioni ile tulimwendea na plagi yetu.

"Ustadhi, mmeivuta?" aliuliza.

"Tumeivuta, mwanangu."

"Hii haitoki kwa nguvu. Ina vibawa."

Akatuonesha. Kila pini ina vibawa viwili vya bati vilivyochanuka ubavuni, navyo hukwama kwenye ukingo wa plastiki; kadiri unavyovuta ndivyo vinavyozidi kushika. Kipo kifaa maalumu cha kuzitolea, lakini yeye hakuwa nacho. Alichukua kipande cha mrija mwembamba kutoka antena ya redio mbovu, akauingiza kwa mbele hadi ukaizunguka pini. Akaisukuma pini kidogo upande wa mbele ili vibawa viache kung'ang'ania, kisha akaukandamiza mrija taratibu. Vibawa vikalala, na pini ikasukumika nyuma bila ya kelele. Akasema kuwa plagi zile pana za nyaya 24 hazikubali mrija, kwani pini zake ni za mraba. Kwa hizo yeye hutumia pini mbili za stepla, moja kila upande.

Akatoa pini nzima kwenye pawa saplai iliyokufa, akaiunga kwa risasi na waya wetu, akafunika kiungo, akavichanua tena vibawa kwa ncha ya kisu, akairudisha mahali pake hadi ikalia "tik". Kabla ya kuwasha, alihakiki rangi mara mbili. Volti 12 zikiingia mahali pa volti 5, alisema, diski huungua, na yaliyomo huenda yasirudi.

Diski ilizunguka. Alhamdulillah, sajili ilikuwa salama.

Kijana alitaka shilingi elfu tano. Tulizitoa mfukoni mwetu, si katika mfuko wa msikiti, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Usiku ule, baada ya Isha, tuliieleza kamati kila kitu. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alitutazama, akauliza swali moja tu: "Na nakala iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Sasa zipo nakala mbili, na moja huhifadhiwa nje ya ofisi.

Ndugu wazazi, huenda nyumbani mwenu yumo kijana anayefungua na kufunga vyombo mbele ya macho yenu, nanyi mnaona anacheza. Muulizeni anachokijua. Sisi tulichelewa kumuuliza wetu, na ucheleweo huo nusura uzigharimu haki za mayatima. Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe, na amzidishie kijana yule elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq.