Programu imegoma Milepa

Likizo imekwisha, nimerudi chuo, ila ya Milepa lazima niwasimulie.

Bamdogo anatunza magunia ya mpunga ya watu huko bondeni. Daftari lake lilishaloa mara mbili, basi nikamwandikia kaprogramu ka C ka magunia na madeni. Kwenye laptopu yangu, Ubuntu 22.04, kanaruka tu. Kwenye kompyuta yake, Ubuntu 18.04, kakagoma: eti GLIBC_2.34 haipo. Wateja wamesimama, bamdogo ananiangalia: "Mwanangu, si ndiyo unayosomea haya?"

Glibc ndiyo maktaba ya C ambayo karibu kila programu ya Ubuntu inaiegemea. Fanksheni zake zina lebo za toleo, na programu ya zamani ikiingia kwenye mashine mpya inapewa fanksheni yenye lebo yake ileile. Chukua memcpy, ile ya kunakili data kwenye kumbukumbu. Mwaka 2010 iliongezwa kasi, na kwenye Fedora 14 sauti za Flash Player zikaanza kukwaruza. Kwa sheria za C kosa lilikuwa la Flash, iliitumia memcpy isivyoruhusiwa. Lakini Linus Torvalds alisimama na watumiaji, na mimi niko naye: anayesikiliza muziki anajuaje memcpy ni mdudu gani? Toleo la 2.14, mwaka 2011, likaweka memcpy mbili: mpya kwa programu zitakazojengwa baadaye, na ya zamani ikarudishiwa upole wake. Raha iliyoje!

Sasa, ahadi hiyo inakwenda upande mmoja tu. Toleo la 2.34 la mwaka 2021 liliweka lebo mpya hata kwenye fanksheni inayoanzisha programu, kwa hiyo ukijenga juu yake, hata mistari mitatu tu, itaidai. Ubuntu 18.04 ina 2.27. Kubadilisha mfumo mzima kwa bando la Milepa? Thubutu!

Nilipofika chuo nikaijenga upya ndani ya Ubuntu 18.04, flashi ikapanda basi la Sumbawanga. Juzi bamdogo kapiga simu: inakubali, na hapa kwangu pia faili lilelile linaruka kama kawaida. Ila ameshaongeza oda. Anataka safu ya mkopo wa mbolea, na kumbukumbu za msimu huu zifunguke vilevile, hataki kusikia habari ya kuandika upya. Mwenye wazo aniambie kabla ya Ijumaa, maana faili zake nilizipangia safu nne tu.