Kazi za Dereva Asiyekuwepo

Ukimsikia mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akisema amekodi gari kwenda msibani au harusini, mara nyingi amekodi gari pamoja na mtu wake. Bei anayotajiwa ni ya siku, dereva yumo, na kinachobaki kujadiliwa ni mafuta ya nani. Mtu huyohuyo akitua Manchester, Frankfurt au Houston na kusema maneno yaleyale, anakabidhiwa ufunguo na karatasi za kusaini, basi. Neno ni moja, biashara ni mbili. Nyumbani tunakodi ujuzi wa mtu, nao unakuja na chombo chake. Huku ughaibuni tunakodi chombo kitupu. Ndiyo maana naona hatari kubwa ya safari hizi imejificha katika zile kazi ambazo dereva wa nyumbani huzifanya bila sisi kuziona. Ugenini kazi hizo hazina mwenyewe mpaka anayekodi azihesabu na kuzibeba.

Mtazame dereva wa safari za mikoani alfajiri, abiria hawajapanda. Anazunguka gari taratibu, anapiga kila tairi teke, anainama kuona kama kuna oili iliyodondoka usiku. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi, anakichovya tena na kukisoma kwa tochi ya simu. Anahakikisha jeki ipo na tairi la akiba lina upepo. Abiria huona anawachelewesha. Huku gari ni jipya, limeoshwa, na mgeni anadhani hakuna cha kukagua. Kipo, ila sababu imebadilika: dereva wetu anakagua gari lisimharibikie njiani, na wewe unakagua usije ukalipia mkwaruzo wa aliyekutangulia. Lizunguke lote na kamera ya simu kabla hujatoka kwenye maegesho: rimu moja baada ya nyingine, kioo cha mbele, chini ya bampa, paa, geji ya mafuta, kilomita zilizosomeka. Maana ile inayoitwa bima ndani ya bei mara nyingi si bima kubwa tunayoijua nyumbani. Ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai thamani yote ya gari, lakini itakudai sehemu ya kwanza ya hasara, ambayo Ulaya inaweza kufika euro elfu moja na zaidi, na pesa huzuiwa kwenye kadi yako tangu unapopewa ufunguo. Mara nyingi ahadi hiyo haigusi matairi, vioo, paa wala uvungu, na injini ya petroli ikitiwa dizeli ni juu yako. Bima ya kufidia sehemu hiyo hununuliwa kwa kampuni nyingine kabla ya safari, kwa kawaida kwa bei nafuu kuliko ya kaunta. Na kaunta si mahali pa kuanza kusoma mkataba ukiwa umeshuka kwenye ndege ya usiku kucha.

Kwenye suala la leseni, wanaoumia zaidi ni sisi tunaoishi huku kuliko watalii. Kijitabu cha leseni ya kimataifa, kinachotolewa chini ya mikataba kama ule wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, ni tafsiri tu ya leseni yako. Bila leseni yenyewe hakina kazi. Anayetembelea Uingereza anaweza kuendesha gari dogo kwa leseni ya nyumbani hadi miezi 12. Aliyehamia naye ana miezi 12 tangu aanze kuishi, na baada ya hapo, kama leseni yake ni ya nchi isiyoruhusiwa kubadilishana moja kwa moja, sharti awe amefaulu mtihani wa hukohuko. Ujerumani mkazi mpya ana miezi 6. Leseni ya Tanzania inaweza kuwa na miaka mitatu mbele yake, picha bado inang'aa, na kwa sheria ya huku ikawa imekwisha nguvu kitambo. Mwenye leseni hiyo akikodi gari kwa jina la likizo, bima yote iko mashakani. Uingereza kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6, na hiyo ni kabla hujamgonga mtu.

Kisha kuna upande wa barabara. Kenya, Tanzania na Uganda tunapita kushoto, kama Uingereza. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia, kama Ujerumani, Marekani na Oman. Dereva wa lori anayevuka Rusumo anahama upande palepale mpakani. Kwa hiyo mtego wa Mtanzania uko Frankfurt na Maskati, na mtego wa Mkongomani uko London. Kiswahili cha Tanzania kimeimeza sheria hii ndani ya neno: mzunguko wa barabarani tunauita kipilefti, amri ya Kiingereza ya kushika kushoto iliyogeuka jina la mahali. Ukifika Maskati neno lako la kila siku linakuamuru kinyume, kwa sababu pale unauzunguka ukishika kulia na wa kumpisha anatokea kushoto kwako. Wala kusahau hakuji penye magari mengi, maana hapo unafuata wenzako. Kunakuja unapotoka sheli alfajiri, barabara tupu, akili bado inapanga safari, na mkono unakwenda ulikozoea.

Hata anayebaki upande wake ana la kujifunza upya. Magari mengi ya nyumbani yametoka Japani, na kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani. Kwenye magari mengi ya Uingereza, ingawa usukani uko kulia vilevile, kijiti hicho kiko kushoto. Basi mtu anataka kukata kona, anasukuma kijiti, waipa zinaanza kufagia kioo kikavu, na gari la nyuma halijapewa ishara yoyote. Kosa ni dogo, lakini hutokea palepale penye makutano. Magari hayo ya Japani pia mengi ni otomatiki, wakati gari la bei ya chini kwenye orodha za Ulaya mara nyingi ni la gia za mkono. Mwenye miaka mingi bila kukanyaga klachi afadhali aongeze pesa apate otomatiki, kisha akae robo saa kwenye maegesho akitafuta taa, waipa, breki ya mkono na vioo vya pembeni kabla ya kuingia barabarani.

Wapo watakaosema aliyeendesha Kariakoo au River Road haogopi barabara yoyote duniani. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ustadi wenyewe ni wa kweli. Dereva wa mjini kwetu anasoma macho ya bodaboda, anajua daladala ile itasimama hata kabla konda hajagonga bati. Lakini ustadi huo umejengwa juu ya kutomwamini mtu, na barabara za huku zimejengwa juu ya kuaminiana. Ujerumani, kwenye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia ndiye anayepita kwanza. Anayeijua haki yake anaweza kupita bila hata kukutazama, akiamini umeshasimama. Kwetu kila mmoja angepunguza mwendo akasikilizia, na ndiyo maana dereva wetu hodari anaweza kuwa hatari kwa Mjerumani asiyetarajia mjadala pale. Ishara nazo zina lugha zake. Dereva wa lori kwenye barabara ya Morogoro akiwasha indiketa ya kushoto anakuambia pita, kweupe. Akiwasha ya kulia, subiri. Matawi mabichi yakipangwa barabarani, mbele kuna gari bovu. Anayekuja akikupigia taa, ama mbele kuna trafiki na tochi yake, ama anasema usiingie, napita mimi. Uingereza taa hizohizo madereva wengi huzitumia kusema pita wewe, ingawa kitabu cha sheria za barabara cha nchi hiyo kinazipa maana moja tu: nipo hapa. Sasa waweke wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kule, kwenye daraja jembamba, wote wamepiga taa.

Wengine watasema barabara za huku ni salama zenyewe. Takwimu zinawapa nusu ya hoja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 barabarani kwa mwaka, na asilimia 92 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zenye karibu asilimia 60 ya magari ya dunia. Lakini ubora wa lami haulielezi pengo hilo lote. Sehemu kubwa inatokana na mambo ambayo wenyeji wameyafanya tabia: mkanda hadi kiti cha nyuma, kiti cha mtoto (Uingereza ni lazima mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135), na ukomo wa kasi unaofuatwa hata pasipo na askari. Mgeni anayepakata mtoto mbele kwa sababu barabara ni nzuri amechukua lami na kuuacha usalama. Tena barabara kuu pana, ambazo mgeni huziogopa, si ndizo zinazoua zaidi. Zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani Uingereza hutokea kwenye barabara za mashambani, nyembamba, zenye ua wa miti pande zote, ambazo nyingi zina ukomo wa maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97. Ukomo huo ni mwisho wa ruhusa. Kona yenyewe inaweza kutaka maili 25. Na kisiwa hikihiki kina sheria zaidi ya moja: Wales imeshusha ukomo wa kawaida wa mitaani hadi maili 20 tangu Septemba 2023, na Uskoti tangu Desemba 2014 inaruhusu pombe pungufu kwenye damu kuliko Uingereza ya kusini mwake, miligramu 50 badala ya 80. Kwangu mimi, anayeshika ufunguo asinywe kabisa.

Dereva wa nyumbani pia ndiye anayeshuka kuzungumza na trafiki. Kwa mabaya na mazuri yake, jambo hilo lina uso: askari kavaa nyeupe, kasimama barabarani, kosa linatajwa hapohapo. Huku mara nyingi hakuna anayekusimamisha. Kuingia katikati ya London kwa gari kumelipiwa tangu Februari 2003, bila geti wala mkusanya pesa. Kamera inasoma namba, na asiyelipa anatumiwa faini. Barua inakwenda kwa kampuni yenye gari, kampuni inataja jina lako, kisha inakukata ada yake ya kushughulikia barua. Unaweza kuwa umesharudi Tanga na umesahau ile barabara.

Sasa igeuze safari. Desemba inapofika, wengi wetu tunarudi nyumbani tukitaka gari la kujiendesha wenyewe, kwa uhuru na faragha, na kwa sababu tunajiona madereva wa kimataifa. Gharama ya dereva inaonekana ya kukwepeka. Lakini aliyekaa Leeds miaka kumi hajui tena tuta liko wapi baada ya kijiji kipi, wala hana jicho la kuona usiku lori lililoegeshwa bila taa. Ujuzi huo unauzwa kwa posho ya siku, nami sijaona bidhaa ya usalama iliyo rahisi kuliko hiyo.

Pingamizi moja nalikubali bila kusitasita: dereva naye anachoka, na mara nyingi sisi ndio tunaomchosha. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, kwa sheria. Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na kwa kilomita 50 kwa saa kwenye kila kijiji safari hiyo inakula siku nzima. Kisha tunamwambia ageuze usiku uleule, au tunaingia hotelini naye anakunja miguu kwenye kiti cha mbele, asubuhi tunamkabidhi watoto wetu. Kabla ya kukubaliana bei, muulize atalala wapi, na chumba chake kihesabiwe pamoja na mafuta. Na akisema tusimame Korogwe, shukeni nyote, mwagizieni chai na chapati, mwacheni afumbe macho.